"Bahari iko mbali": hadisi ya bandari ya Dar es Salaam, mlango wa shaba yetu

Tuanze na neno moja lenye tulisikia ku meza ya mazungumzo. Wakati wa kiangazi, sisi delege wa sendika tuliingia mu biro ya mukubwa wa kazi kwa kuomba nyongeza ya mushahara. Tulikuwa na karatasi zetu: bei ya mufuko wa bunga, bei ya nyumba ya kupanga, feza ya masomo ya watoto. Mukubwa alisoma yote, akaweka karatasi chini, akatuambia: "Bandugu, ninawasikia. Lakini bahari iko mbali. Kila tani ya shaba inakula makuta mingi mu njia mbele ifike ku bandari. Nitatosha wapi ingine ya kuwaongeza?"

Hakuna mutu alijibu. Haikuwa woga. Tulikuwa watu saba mu ile biro, na kati yetu hata mumoja hajaona bahari na macho yake. Sisi tunajua shimo, tunajua asidi, tunajua kamio inapakizwa usiku. Kisha kamio inapita barrière, na kupita pale hatujui tena kitu.

Jioni tulikutana ku nyumba ya mwenzetu kwa kuhesabia wengine mambo yalivyokwenda. Bibi yake alikuwa anasikiliza huku anachambua maharagi. Akauliza: "Myaka yote hii wanasema bahari iko mbali. Na haijasogea hata kidogo?" Tukacheka. Lakini nyuma ya kucheka tuliona kama swali lake lilipita yetu yote. Tukaanza kusoma, kuuliza mashofere, kuuliza wazee wa reli. Na leo tunawaletea yale tuliyopata, juu ya bandari moja: Dar es Salaam. Shaba ya Kolwezi na ya Likasi inapita milango mbalimbali, sawa vile Durban, Beira, Walvis Bay na Lobito. Lakini sehemu kubwa inatoka Kasumbalesa, inavuka Zambia mupaka Tunduma, inashuka Mbeya, Iringa na Morogoro, inaishia Dar es Salaam. Kutoka Lubumbashi ni karibu kilomita 2 000.

Kijiji cha wavuvi na jumba la Sultani

Mbele ya muji kuwa muji, kulikuwa kijiji kinaitwa Mzizima, cha wavuvi na walimaji. Katika myaka ya 1860 Sultani wa Zanzibar, Majid bin Said, akaona ile fasi. Bahari inaingia mu inchi kwa mulango mwembamba wenye kupinda, kisha ndani inapanuka na maji yanakuwa ya kina. Zoruba ya inje haifiki. Akaanza kujenga jumba na magodauni, na akaita ile fasi Dar es Salaam, maana yake fasi ya salama. Alitaka biashara ya bara ishukie pale. Lakini Majid alikufa mwaka 1870, na kazi ikalala.

Wakati ule shaba ya Katanga ilikuwa tayari inatembea. Msiri, mwana wa Unyamwezi, alikuwa ametawala Garenganze kutoka Bunkeya. Misafara yake ilipeleka shaba, pembe za tembo na chumvi, na vilevile watu wa utumwa, ikarudisha nguo na bunduki. Moja ilielekea mangaribi upande wa Benguela, ingine mashariki kwa kufika ku pwani ya Bagamoyo mbele ya Zanzibar. Ni kwa ile njia ya mashariki Kiswahili nacho kilitufikia, mu vinywa vya watu wa biashara na wapagazi. Kwa hiyo bahari ilikuwa mbali kwa hesabu ya miezi. Na kipimo chake kilikuwa mabega ya mupagazi.

Mwaka 1891 mambo mawili yalifanyika. Tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili, Msiri aliuawa Bunkeya na watu wa Mufalme Léopold. Na mwaka ule ule Wajerumani, wenye walikuwa wamekamata pwani, walitoa makao ya utawala wao Bagamoyo, wakayapeleka Dar es Salaam. Sababu ni maji: Bagamoyo bahari ni ya chini karibu na nchi kavu, meli kubwa inasimama mbali sana. Dar es Salaam inaingia mupaka ndani.

Reli, vita, na faranka moja kwa mwaka

Bandari bila njia ya bara ni mulango bila nyumba. Wajerumani walianza reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma, ku Ziwa Tanganyika, mwezi wa pili 1914. Ni zaidi ya kilomita 1 200. Safari ya miezi ikawa ya siku. Ngambo ya ziwa, Wabelgiji nao wakamaliza reli ya Kabalo–Kalemie mwaka 1915. Sasa bahari ilikuwa imesogea kweli.

Lakini vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imewaka. Mwaka 1916, mwezi wa tisa, Waingereza waliingia Dar es Salaam, na siku chache nyuma yake askari wa Force Publique wakakamata Tabora. Babu zetu walikwenda ile vita, wengine na bunduki, wengi zaidi na mizigo ku kichwa. Wapagazi wengi walibaki mu njia, kwa njaa na magonjwa, bila kaburi lenye jina.

Vita ilipokwisha, Waingereza walibaki na Tanganyika. Wabelgiji wakadai malipo yao, na mukataba wa tarehe 15 ya mwezi wa tatu 1921 ukawapa fasi zao Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranka moja kwa mwaka. Mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi iliweza kupita bila kulipa duane ya Tanganyika. Watu waliita zile fasi Belbase. Faranka moja! Wapagazi walilipa ile vita, na faida ilihesabiwa mu vitabu vya wakubwa.

Tuseme ukweli: wakati wa Wabelgiji shaba yetu haikupita sana Dar es Salaam. Reli ya kusini ilikuwa imefika Élisabethville tangu 1910, na shaba ilishuka Beira. Mwaka 1928 ikafunguliwa njia ya Ilebo, yenye kuendelea na mashua mupaka Kinshasa, kisha treni mupaka Matadi: njo ile tunaita voie nationale. Mwaka 1931 ikaja Lobito. Dar es Salaam ilikuwa mulango wa mashariki. Siku yake kwetu ilikuwa bado.

Watu wa mugongo

Sasa tufike ku ile sehemu yenye ilitugusa sisi watu wa sendika kuliko ingine.

Mupaka katikati ya myaka ya 1950, Dar es Salaam haikuwa na gati la maji ya kina, ni kusema ukuta wa sima penye meli kubwa inaweza kuegama. Meli ilifunga nanga katikati ya bandari. Mizigo ilishushwa mu matishari, aina ya mashua pana za kubeba vitu, yakavutwa mupaka ku inchi kavu. Pale makuli walibeba: magunia, masanduku, vyuma. Wengi wao walikuwa watu wa kazi ya siku. Asubui mutu anakwenda kusimama ku mulango. Kapita anachagua: wewe, wewe, na wewe. Kama meli haikuja, hakuna kazi, na kama hakuna kazi, hakuna chakula. Hakuna mutu alijua umetumika siku ngapi, juu hakuna mutu aliandika.

Lakini wale makuli waligundua kitu kimoja. Meli yenye kusimama inakula feza kila siku. Kama mikono elfu moja inakaa chini, mwenye meli anasikia haraka kuliko gavana. Walifanya greve 1939, na hawakupata kitu kikubwa. Wakarudilia 1943, katikati ya vita ya pili. Wakarudilia tena 1947, mwezi wa tisa. Ile ya 1947 haikubaki ku bandari. Iliingia mu muji wote, ikapanda reli, ikafika mbali mu bara. Serkali ikaweka mwamuzi, na mushahara wa makuli ukapanda sana.

Wasomaji wetu wazee wanajua kwetu ilikuwa namna gani wakati ule ule. Mwezi wa kumi na mbili 1941 watumishi wa Union Minière waliacha kazi kwa kuomba mushahara, juu vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu na mashimo yalikuwa yanatoa shaba kwa ajili ya ile vita. Tarehe 9, ku kiwanja cha mupira cha Élisabethville, askari walipiga watumishi risasi. Léonard Mpoyi, mwenye kusema kwa niaba yao, alikufa pale, na wengine makumi pamoja naye. Myaka miwili nyuma yake, makuli wa Dar es Salaam walikaa chini vilevile. Hawakujuana. Lakini kilio kilikuwa kimoja: bei imepanda, mushahara umelala.

Mwaka 1950 makuli walianguka. Wakubwa walikuwa wameleta namna mupya ya kuandika na kuita watu wa kazi ya siku. Makuli waliona ni kamba ya kuwafunga, kuchagua wenye kunyamaza na kutupa wenye kusema. Greve ikageuka fujo, damu ikamwangika, watu wengi wakafungwa, na sendika yao ikavunjwa.

Tulibishana mingi kati yetu juu ya ile 1950. Mwenzetu mumoja anasema makuli walikosa kukataa kuandikwa, juu mutu asiyeandikwa hana haki. Mwingine anasema apana: swali si kuandikwa, swali ni nani anashika kalamu na kitabu. Sisi tunafikiri wote wawili wako na haki. Kuandikwa ni muzuri, lakini na wewe uwe na kitabu chako. Tutarudi ku hii neno mbele ya kumaliza.

Moto haukuzimika. Mwaka 1955 masendika ya Tanganyika yaliungana mu shirikisho moja, TFL, na katibu wake mukuu alikuwa Rashidi Kawawa, mwenye alikuja kuwa Waziri Mukuu mwaka 1962. Inchi ikapata uhuru tarehe 9 ya mwezi wa kumi na mbili 1961. Hesabuni wenyewe: myaka 20, siku kwa siku, nyuma ya risasi za Élisabethville.

Magati, na reli ya Uhuru

Gati za kwanza za maji ya kina, tatu, zilifunguliwa mwaka 1956. Meli ikaegama ku ukuta, mashini ya kunyanyua ikachukua muzigo moja kwa moja na kuuweka mu wagoni. Kazi ya siku nyingi ikawa ya siku chache. Bahari ikasogea tena.

Kilichoipa bandari nguvu kweli ni siasa. Tarehe 11 ya mwezi wa kumi na moja 1965 wazungu wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia, yenye shaba sawa sisi na yenye haina bahari sawa Katanga, ikajikuta mulango wake wa kusini uko mu mikono ya adui. Kaunda na Nyerere wakageukia Dar es Salaam. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1 710, likaanza kutuma mafuta mupaka Ndola. Kisha wakaomba reli. Inchi za Mangaribi zilisema haina faida. China ikakubali. Kazi ilianza 1970, reli ikafika mwisho 1975, na mwaka 1976 ikakabiziwa kwa wenyewe: TAZARA, kilomita 1 860, kutoka Dar es Salaam mupaka Kapiri Mposhi. Ilipita milima na mashimo ya maji, na Wachina zaidi ya 60 walikufa ku ile kazi, pamoja na Waafrika wenyeji.

Wazee wa reli walituonyesha kitu chenye hatukujua. Reli ya zamani ya Wajerumani iko na upana wa milimita 1 000. TAZARA iko na 1 067, sawasawa na reli yetu ya SNCC na ya Zambia. Kwa hiyo wagoni yenye kutoka Likasi inaweza kupita Sakania, Ndola na Kapiri Mposhi mupaka mu bandari, bila kushusha muzigo hata mara moja. Ile ni hesabu ya wahandisi, lakini ni hesabu ya mushahara vilevile, juu kila mara muzigo unashushwa na kupandishwa, mutu analipwa, na mwengine anachelewa.

Mwaka 1975, vita ya Angola ilifunga njia ya Benguela mupaka Lobito, na ilibaki imefungwa myaka mingi. Ile iliumiza Gécamines sana. Pale njo tulisoma kwa ngufu: inchi yenye kutegemea mulango mumoja inaweza kufungiwa usiku mumoja.

Sanduku la chuma

Halafu kontena ikaja. Mu bandari zote za dunia ilikuwa namna moja: kazi ya kundi la watu kwa siku nzima ikawa ya mashini moja kwa dakika chache. Meli haikukaa tena juma mbili, ilikaa siku mbili tatu. Na makuli wakapunguka.

Wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki bandari ilikuwa ya inchi tatu pamoja: Tanzania, Kenya na Uganda. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda idara yake ya bandari, na tangu 2005 inaitwa TPA. Ni mali ya watu wote, ni ya Leta. Lakini mwaka 2000 sehemu ya kontena ilipewa kampuni ya watu binafsi, TICTS, yenye iliishika zaidi ya myaka 20.

Tukumbuke kwetu ilikuwa nini katika zile siku. Shimo la Kamoto lilianguka 1990, Gécamines ikaporomoka. Mwaka 2003, na feza ya Banque Mondiale, ikaja ile operation ya "départs volontaires": watumishi zaidi ya 10 000 walipewa bahasha, wakaambiwa kwenda nyumbani. Familia nyingi zenye kusoma hii gazeti zinajua ile bahasha ilikwisha namna gani. Kisha zikaja kampuni mupya, na kazi nyingi zikawekwa mu sous-traitance. Bandari na shimo vilikuwa mbali, lakini dawa walipewa ilikuwa ya famasi moja: punguza watu, leta mwenye feza.

Tuwe wenye haki. Shaba iliongezeka sana. Leo Kongo inatoa zaidi ya tani milioni mbili za shaba kwa mwaka. Kama kamio moja inabeba karibu tani 30, na kama yote ingepita barabara, gawanyeni wenyewe: ni kamio zaidi ya 66 000. Na kurudi hazirudi tupu. Zinaleta soufre ya kutengeneza asidi yenye inaosha mawe yetu, zinaleta mashini, mapira ya magari, nguo, na vitu vya ku soko. Njo maana bandari ikifungwa juma moja, mama wa Kenya na wa Kamalondo anasikia ku soko mbele mukubwa wa kampuni asikie mu biro.

Kuchimba bahari

Kwa sababu ya ile mizigo yote, Dar es Salaam ilikuwa ndogo. Meli zilipanga mustari inje, zikingoja. Mwaka 2017 kazi kubwa ikaanza, na mukopo wa Banque Mondiale wa dola milioni 345: kutia nguvu gati namba 1 mupaka 7, kujenga gati la magari, na kuchimba chini ya maji mupaka kufika kina cha metre 14,5. Sisi watu wa shimo tunaelewa hii vizuri: walichimba bahari sawa tunavyochimba kilima. Meli ndogo inabeba kidogo na inakula mafuta mingi kwa kila tani. Meli kubwa inabeba mingi, na bei ya tani moja inashuka. Lakini meli kubwa inazama chini zaidi, inataka maji ya kina. Kila metre ya kuchimba ni bei ya safari yenye kushuka.

Kisha swali la mwenyewe likarudi. Mwaka 2023 serkali ya Tanzania ilipatana na DP World, kampuni ya Dubai, juu ya kutumikisha sehemu ya bandari kwa myaka 30. Inchi nzima ilibishana: bungeni, mahakamani, barabarani. Maaskofu Wakatoliki walitoa barua ya kukataa. Mwaka wa kufuata, sehemu ingine ya kontena ikapewa kampuni ya Adani ya India, nayo kwa myaka 30. Wenye kukubali walisema meli zitangoja siku chache. Wenye kukataa waliuliza mali ya watu wote inapewa mgeni juu ya nini. Sisi hatutaamua neno la Watanzania. Lakini tuliona kitu kimoja cha kuiga: watu wa kawaida, mashofere, mamadamu wa soko, walisoma mukataba na kuuzungumzia. Kwetu ni nani alisoma mukataba wa njia ya shaba?

Juu mu inchi yetu mambo ni yale yale. DP World njo inajenga Banana, bandari yetu ya kwanza ya maji ya kina ku Kongo Central. Jiwe la musingi liliwekwa mwaka 2022. Na upande wa Lobito, reli yenye Wachina walitengeneza upya mupaka Luau ilifunguliwa 2015. Kisha mwaka 2022 ikapewa kundi la Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, kwa myaka 30. Mwezi wa saba 2023 marais watatu, wa Angola, wa Kongo na wa Zambia, walikutana Lobito kwa ile kukabiziana. Dar es Salaam haikulala: reli mupya ya umeme imefika Dodoma mwaka 2024, na mupango ni kuendelea mupaka Kigoma. Milango miwili inashindana juu ya shaba yetu. Wakati wachuuzi wawili wanashindana juu ya muhindi wako, ule ni wakati wa kusema bei.

Tutajibu nini?

Turudi mu ile biro. "Bahari iko mbali." Sasa tunajua jibu. Bahari ilikuwa mbali miezi ya kutembea, ikawa siku za treni, ikawa juma moja au mbili za kamio. Ilisogezwa mara na mara: na wapagazi, na makuli, na watu walikufa ku TAZARA, na mashofere wenye wanalala chini ya kamio Kasumbalesa mu mustari wa magari. Kila mara iliposogea, bei ya safari ilishuka au ilipaswa kushuka. Swali letu ni lile la mama wa maharagi, tumeliongeza kidogo: iliposogea, ile tofauti ilikwenda mu mufuko wa nani?

Tutaomba mambo matatu, na tunaomba kila delege ayashike.

La kwanza: kampuni ikisema njia ni gali, ituonyeshe hesabu. Tani moja kutoka hapa mupaka ku meli inalipa ngapi leo, na ililipa ngapi myaka mitano ya nyuma? Kama imepanda, tutasikilizana. Kama imeshuka, na sisi tushuke na sehemu yetu mu mufuko.

La pili ni kwa watu wa kazi ya siku na wa sous-traitance. Makuli wa Dar es Salaam walianguka kwa sababu kitabu kilikuwa mu mukono wa mutu mumoja. Sheria ya kazi ya inchi yetu, Code du travail ya 2002, artikle 40, inasema wazi: mutu wa kazi ya siku akikwisha kutumika siku 22 katika miezi miwili, wakamuchukua tena mbele ile miezi miwili haijaisha, kontra yake inahesabiwa ya kudumu, isiyo na mwisho uliowekwa. Siku 22! Ni wangapi kati yetu wamepita zile siku mara kumi na hawajui? Nunua kaye ndogo. Kila jioni andika tarehe, fasi ulitumika, jina la kapita, saa ya kuingia na ya kutoka. Kama hujui kuandika, mutoto wako anajua. Ile kaye njo gati lako.

La tatu: tutaandikia wenzetu wa bandari na mashofere wa Tanzania. Sendika za kwetu zinaandika mingi Bruxelles na Genève kwa Kifaransa, na ni vizuri. Lakini watu wenye kushusha shaba yetu mu meli wanasema luga yenye sisi tunasema. Watacheka kidogo Kiswahili chetu, na sisi chao tutakiona kirefu sana, lakini tutasikilizana bila mufasiri. Tutawauliza mambo ya kawaida: munalipwa namna gani, kontena moja inakaa kwenu siku ngapi, wakubwa wenu wanawaambia nini mukiomba nyongeza? Tunawaza wale wakubwa nao wanasema kitu sawa hiki: "Machimbo yako mbali."

Mazungumzo ku kampuni yanaanza tena mbele ya mwisho wa mwaka. Tutaingia saba, wale wale, na karatasi zile zile za bunga na za masomo. Tutaongeza moja, ya njia ya shaba, kutoka barrière mupaka ku meli. Na tumeomba yule mama atusomee mbele ya kuingia, aone kama swali lake liko ndani.